Dondoo muhimu: Fedha mkononi au pointi za safari?

Kwa mkazi wa Marekani anayelipa deni lote la kadi kila mwezi, kadi inayorudisha fedha ndiyo chaguo salama, mpaka hesabu ioneshe vingine. Kadi ya Citi Double Cash hurudisha asilimia 2: matumizi ya dola 12,000 kwa mwaka huzaa dola 240, zisizochagua ndege wala msimu. Pointi hazina thamani moja. Chukua bei ya tiketi, toa kodi na ada utakazolipa hata hivyo, kisha gawa kwa pointi zinazotakiwa. Tuseme tiketi ya Nairobi ni dola 1,200, ada dola 100, pointi 80,000: kila pointi ni senti 1.4 hivi. Kwa matumizi yaleyale ya dola 12,000, kadi inayotoa pointi moja kwa dola itakuwa imekupa kama dola 165 tu, kabla ya kutoa ada ya mwaka.

Wapo watakaosema pointi hulipa sana kwenye daraja la biashara, tena kuna bonasi ya kujiunga. Ni kweli, kwa anayesafiri mara kwa mara na anayeweza kubadili tarehe. Lakini mashirika ya ndege huweza kuongeza pointi zinazotakiwa, na akiba yako ikapungua thamani ukiwa umekaa. Ukibakiza deni, riba, ambayo mara nyingi hupita asilimia 20, humeza zawadi zote.