Mustang ya Diani: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Tuseme umeona tangazo: Ford Mustang ya 1965, paa la kukunja, iko Diani, bado inang'aa. Muuzaji anasema wateja ni wengi, tuma Sh50,000 akushikie. Subiri kwanza!

1. Itisha namba ya usajili, utafute rekodi ya NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenye gari lilingane na logibuku na kitambulisho cha muuzaji.

2. Nenda na fundi wako. Hewa ya chumvi hula bodi, na rangi mpya huficha kutu. Soma namba ya chasisi.

3. Ukilipa, soma jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo.

Pesa zikishatolewa kwa wakala, hata sisi ni vigumu kukurudishia.