Somo kwa Makatibu: Msitu wa Mlimani na Mamlaka ya Kijiji

Mlima Hanang una kimo cha mita 3,417, nao umesimama peke yake juu ya nchi kavu, hata mawingu huutanda mara kwa mara. Msitu wa mahali kama hapo haungojei mvua tu. Ukungu upitapo kati ya matawi hugeuka matone juu ya majani na juu ya vimea vilivyojishika magomeni. Maji hayo hudondoka na kuzama ardhini polepole, kisha hutokea chini kama chemchemi. Ndivyo ilivyo pia katika msitu wa Nou, kwenye miinuko kati ya Mbulu na Babati. Mfugaji wa nyuki naye hufaidika na wingi wa aina za miti, kwa maana haichanui yote mwezi mmoja.

Wako wasemao kwamba msitu ungaliweza kuzuia maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani. Neno hilo lisitamkwe kwa haraka. Mvua ilikuwa kubwa mno, na miamba ya mlima ule ni dhaifu. Mizizi hushika udongo. Haishiki mlima mzima.

Sasa, msitu ni wa nani? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina njia mbili. Katika hifadhi za Serikali, kama Hanang na Nou, kijiji hakiwi mwenye msitu, bali huweza kushiriki kwa mkataba wa usimamizi wa pamoja. Lakini msitu ulio katika ardhi ya kijiji waweza kutengwa na kijiji chenyewe, kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ukawa na kamati yake na sheria ndogo zilizoidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Mfano wa njia ya pili ni Duru-Haitemba, katika Babati, wilaya iliyomegwa kutoka Hanang mwaka 1985. Ule ni msitu wa miombo, si wa mawingu, wenye hekta 9,000 hivi. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake, wanavijiji wakapinga. Mwaka 1994 vijiji vinane vilianza kuulinda vyenyewe, kwa doria na kanuni zao, miaka minane kabla ya Sheria hiyo kutungwa.

Katibu na aangalie basi: chama cha ushirika si Halmashauri ya Kijiji. Hakiwezi kumtoza faini mkata miti, wala kutundika mizinga ndani ya hifadhi ya Serikali bila kibali. Kinachoweza ni kutuma wajumbe kwenye mkutano wa kijiji kabla mkataba haujatiwa saini. Nchini mwetu mikataba mingi ya namna hii imekwama kwenye mgawanyo wa mapato, ilhali doria za wanavijiji zinaendelea bila malipo. Wajumbe hao waulize fungu la kijiji ni kiasi gani, hulipwa lini na nani, na jibu liandikwe katika muhtasari.