Dondoo muhimu: Kuchagua tyuna ya kubana kwenye gitaa

Anza na kiungo. Tyuna za aina hii mara nyingi huvunjika pale kioo kinapoungana na kibanio, kwa sababu hugeuzwageuzwa kila siku. Ukiwa dukani, zungusha kioo pande zote: kibaki pale ulipokiacha, bila kulegea wala kulia. Springi iwe ya chuma, na raba za kibanio ziwe nene, zisizong'oka kwa kidole.

Kuhusu usahihi, soma boksi. Senti 1 ni sehemu moja ya mia ya nusu toni, na tyuna yenye kosa lisilozidi hapo inamtosha mpigaji wa jukwaani. Anayerekodi studio atafute iliyo makini zaidi. Peterson StroboClip HD, kwa mfano, hufikia senti 0.1. Hakikisha pia imewekwa A = Hz 440, maana kitufe kikibonyezwa bila kukusudia utapishana na bendi nzima.

Sasa ijaribu kwenye uzi mnene wa E. Tyuna ya kubana hufuata mtetemo wa mbao za gitaa, ndiyo maana inafaa hata ukumbini penye kelele, ila iliyo dhaifu huyumba kwenye uzi huo, mshale ukirukaruka. Hiyo usiinunue.

Betri ya CR2032 ni rahisi kuipata, hata kwa mafundi saa. Na usilaze gitaa likiwa na tyuna kichwani: raba huweza kuharibu vanishi ya nitroselulosi, inayopatikana zaidi kwenye magitaa ya zamani.