Dada, Ua Langu Linakufa?

Mdogo wangu mmoja wa Majengo, hapa hapa Dodoma, kaniuliza: mwezi wa pili amarilisi zake zilichanua mpaka wapita njia wakawa wanasimama getini. Sasa ni mwezi wa sita, majani yamegeuka njano, yanalala chini moja moja, na yeye anamwagilia asubuhi na jioni. "Dada, ua langu linakufa?"

Halifi, mama. Linataka kulala, na wewe hulipi nafasi. Weka ndoo chini.

Maua ya vitunguu kama amarilisi yana ghala lake chini ya udongo. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba hivi mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Mmea wa aina hii hula na kuweka akiba wakati wa mvua, kisha huangusha majani na kungoja. Ndiyo maana nashangaa watu wa Dodoma, hasa mliohamia kutoka Dar tangu Serikali ilipoanza kuja huku 2016, mnang'ang'ania mawaridi yanayotaka maji kila siku wakati bomba lenyewe ni la mgao.

Kwa hiyo majani yakianza kuwa njano, punguza maji, halafu acha kabisa. Usiyakate yangali mabichi hata kama yanakutia aibu mbele ya wageni, maana hayo ndiyo yanayopeleka chakula chini kwa ajili ya ua la mwakani. Yakikauka yenyewe, yaondoe. Kama ulipanda kwenye ndoo ya rangi, isogeze kibarazani pakavu. Kama ni ardhini, chomeka kijiti pale, la sivyo mtu atakuja na jembe kupanda mchicha na kukata kitunguu vipande viwili.

Mvua zikikaribia, andaa udongo. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni tofali, na ukilowa unashika maji mpaka kitunguu kinaoza. Changanya na mchanga wa korongoni na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Ndoo itoboe chini, si tundu moja. Amarilisi iache shingo nje ya udongo, usiizike yote. Gladiola ndiyo ya kufukia, sentimita 10 hivi. Juu tandaza maganda ya karanga, huku kwetu hayakosekani.

Kama hujui uanze na lipi, anza na lile jekundu la mviringo linalochomoza hata porini mvua zinapoanza, ua likitangulia na majani yakifuata. Kichwa kimoja kinaweza kubeba vimaua 200. Muulize muuza miche, usiende kuling'oa porini. Halidai mbolea ya dukani wala dawa, na mwaka hadi mwaka linazaa vitoto pembeni vya kumgawia jirani.

Na wewe uliyeona tulipu za Uholanzi kwenye simu ukataka kuagiza: acha. Zile zinahitaji miezi mitatu au zaidi ya baridi kali kabla ya kuchanua. Baridi yetu ya Julai inatuvalisha masweta, lakini usiku huwa nyuzi 13 au 14, na kwa tulipu hilo bado ni joto. Wapo wanaovifungia vitunguu vyake kwenye friji miezi yote hiyo ili wapate ua la wiki moja. Mimi friji yangu ina nyama.

Jambo la mwisho, na hapa sitanii. Mengi ya maua haya ni sumu. Lile linalotambaa kwa kujisokota kwa ncha za majani, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu, mizizi yake inafanana na viazi na ina sumu inayoua. Msihifadhi vitunguu vya maua jikoni pamoja na vya mboga, na mbuzi msimfunge karibu navyo. Mtoto akitafuna, msingoje aanze kutapika wala msimpe maziwa mkidhani yatakata sumu: mwahisheni hospitali, na mbebe kipande cha mmea wenyewe daktari akione.