SOMO: MAJI, CHUMVI NA SUKARI KATIKA MWILI WA MFANYAKAZI



Somo letu la leo linahusu maji ya mwilini. Wengi husema maji ni maji tu. Lakini maji yaliyomo katika damu, katika nyama na katika jasho yameyeyusha vitu vingi ndani yake, na kwanza kabisa chumvi. Asiyeelewa jambo hili anaweza kumnywesha mgonjwa wake maji matupu kutwa nzima, na bado akampoteza.

1. Mwili ni mtungi wa maji ya chumvi

Mwanamume mzima mwenye kilo 60 ana maji yapata lita 36 mwilini. Theluthi mbili hivi zimo ndani ya chembe hai, yaani vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyojenga mwili wote. Theluthi inayobaki iko nje ya vyumba hivyo, na sehemu yake ni maji ya damu. Nje ya vyumba kuna chumvi nyingi kama ile ya jikoni. Ndani yake kuna potasi, ambayo tunaipata katika ndizi, maharagwe na mboga za majani.

Serumu ya kawaida ambayo mganga anamtundikia mgonjwa ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kipimo hicho kimewekwa ili kilingane na damu. Maji matupu yakitiwa mshipani, chembe za damu zinayanywa, zinavimba na kupasuka.

2. Maji hufuata chumvi

Kata nyanya, inyunyizie chumvi, ngoja kidogo. Sahani inaingia maji. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyokuwa ndani. Wenzetu wa mashambani wanajua kwamba mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa karibu mno na shina, mmea unaungua hata kama udongo ni mbichi. Sababu ni ile ile: maji yanatoka katika mizizi kwenda penye chumvi nyingi. Mmea na binadamu wako chini ya sheria moja.

3. Jasho

Anayefanya kazi karibu na tanuri, au anayelima jua kali katika bonde la Rusizi, anatoa maji na chumvi kwa pamoja. Huko Uingereza, wachimba makaa ya mawe katika migodi ya joto walikuwa wakikazwa misuli kwa maumivu makali. Mwaka 1923 mtaalamu K. Neville Moss alieleza sababu: walitoka jasho jingi, kisha wakanywa maji matupu kwa wingi, na chumvi ya damu ikazimuliwa. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji ya kunywa, maumivu yalipungua.

Kwa kazi ya kawaida, maji safi na chakula chenye chumvi vinatosha. Lakini anayelowa jasho saa nyingi anahitaji kunywa kidogo kidogo mara nyingi, na kula katikati ya kazi. Maji bila chakula hayatoshi.

4. Kipindupindu na mlango wa utumbo

Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo kimerudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Tanganyika na katika bonde la Rusizi. Mwezi Januari 2023 Wizara ya Afya ilikitangaza tena hapa Bujumbura. Jirani zetu wa Goma walishuhudia mwaka 1994 jinsi kipindupindu na kuhara damu vilivyoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika majuma machache.

Sumu ya ugonjwa huu inaulazimisha utumbo kumwaga chumvi, na maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Ukimpa maji matupu, mengi yanapita tu. Ukimpa chumvi peke yake, haiingii vizuri.

Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza siri ya ukuta wa utumbo. Mna milango ambayo ni kama lango la kiwanda lenye mlinzi mkali: chumvi na sukari zikija pamoja zinapita, na maji yanafuata nyuma. Kipindupindu hakiharibu milango hiyo. Basi hata mgonjwa anayehara sana bado anaweza kunyweshwa, mradi mchanganyiko uwe sawa.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilileta wakimbizi wengi katika mji wa Bangaon, India. Kipindupindu kikaingia na serumu za mshipani zikawa chache. Dakta Dilip Mahalanabis akaagiza unga wa chumvi, sukari na magadi uchanganywe na maji katika mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baadaye hawakufika 4. Watu wasio waganga, wakifuata kipimo, ndio waliookoa wenzao.

5. Kipimo

Pakiti za unga huu hupatikana katika vituo vya afya. Pakiti ikikosekana, fanya hivi:

– maji safi lita 1, yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa;
– sukari vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa juu;
– chumvi nusu ya kijiko kidogo, iliyosawazishwa.

Koroga mpaka viyeyuke. Onja: usipite uchumvi wa machozi. Chumvi ikizidi, itavuta maji kutoka mwilini, kama kwenye ile nyanya. Sukari ikizidi, kuhara kutaongezeka. Angalieni pia chombo: chupa kubwa ya bia haijai lita. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Mgonjwa anayehara kama maji ya mchele, aliyelegea, mwenye macho yaliyozama au asiyeweza kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mnyweshe hata njiani.

6. Kazi yetu katika chama

Mchanganyiko huu unaokoa mgonjwa, lakini hauzuii ugonjwa. Kinachozuia ni maji safi, choo na sabuni. Mwajiri anayetia mafuta katika mashine ili isikwame hawezi kusema kwamba maji ya kunywa ya mfanyakazi ni zawadi. Wajumbe wa wafanyakazi wayatie katika madai yao: maji safi karibu na kazi, muda wa kuyanywa, kivuli, vyoo, na pakiti za unga katika sanduku la dawa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini maji matupu hayamtoshi mgonjwa wa kipindupindu?
2. Mahali pako pa kazi, bomba la maji safi liko umbali gani, na nani analitunza?
3. Nani katika kikosi chenu anaweza kuchanganya maji ya chumvi na sukari bila kukosea? Kama hayupo, fundishaneni juma hili.