SOMO: MIZANI KABLA YA MAVUNO

Katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo halikujibiwa sawasawa kwa kuwa wakati wa sala ulikuwa umefika. Mzee wetu mmoja alisimama akasema: "Mikarafuu msimu huu haina kitu. Mizani ya nini, majamvi mapya ya nini, na vijana kupelekwa kusoma hesabu za nini? Tungoje kwanza tupate." Waliomwunga mkono walikuwa wengi, wala si watu wa kudharauliwa. Basi tumeona somo la toleo hili liwe juu ya jambo hilo. Je, mtu hujitayarisha kwa neema akiisha kuipata, au kabla?

Mfano wetu tutautoa mbali na karafuu, katika nchi ya pamba. Huko bara, kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria, yako makao ya Wasukuma, na leo mkoa unaoongoza kwa pamba katika Tanzania ni Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mtu wa kisiwani akifika mahali kama Kimali hataona mlima wa kivuli wala hatasikia harufu ya bahari. Ataona mbuga, ng'ombe, na mashamba ya pamba, ambayo hupandwa kwenye mvua za Novemba na Desemba na kuanza kuuzwa mwezi wa Mei au Juni. Lakini akikaa pale siku ya kuuza, jambo moja hatalionea ugeni: macho ya watu wote yako kwenye mizani. Mkulima wa pamba na mkulima wa karafuu ni ndugu kwa hilo.

Zamani katika Jimbo la Ziwa mizani ilikuwa ya mnunuzi. Wenye vinu vya kuchambulia pamba waliweka vituo vyao, mkulima akafika na mzigo wake, ukapimwa, akaambiwa uzito, akapewa fedha. Akiona amepunjwa hakuwa na la kuonyesha. Kusema "nimeibiwa" bila ya mizani ya pili ni maneno matupu, na mwenye mizani hujua hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa sehemu kadha wa kadha walifanya jambo ambalo wengi waliliona ni kiburi. Waliweka watu wao wenyewe wa kupima pamba vituoni, ili uzito wa mnunuzi upate kulinganishwa. Fikirini hali yao. Hawakuwa na kinu hata kimoja. Hawakuwa na idhini ya kununua pamba wala mtaji. Lakini walisimama kituoni na mizani na daftari kama watu ambao biashara ile ni yao. Aliyetembea vijijini kuwashawishi na kuwakusanya alikuwa kijana, Bwana Paul Bomani, mzaliwa wa 1925, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza. Tena kazi haikuanza na mambo mageni. Wasukuma walikuwa na vikundi vyao vya vijana vya kulima kwa pamoja, kila kikundi na kiongozi wake aitwaye nsumba ntale. Watu waliozoea kulimiana mashamba hawakuona tabu kuelewa maana ya ushirika.

Sasa tazameni jambo la pili, ambalo sisi twaliona kubwa kuliko lile la mizani. Bwana Bomani alikwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika katika miaka ya 1953 na 1954. Wakati ule shirikisho lenyewe halikuwapo! Lilisajiliwa 1955, likaitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na yeye akawa mkuu wake. Lau wangengoja shirikisho liwepo ndipo watafute mtu aliyesoma, mtu huyo angekuwa darasani wakati pamba iko kituoni.

Yaliyofuata yajulikana. Shirikisho lilijenga vinu vyake lenyewe, na ilipofika 1959 pamba yote ya jimbo lile ilipita katika mikono ya ushirika. Lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. (Chama cha TANU kilikuwa kimekatazwa kufanya kazi huko tangu 1954 hata 1958. Mizani haikukatazwa.)

Hapa mtu atasema: basi tujione wakubwa, na ukubwa utakuja. Hapana, hatusemi hivyo, na habari ya pili ya shirikisho lile lile ndiyo itakayotuonyesha tofauti. Baada ya Uhuru ushirika ulitanuka upesi sana. Watu waliojua kazi walikuwa wachache, na baadhi yao waliitwa kwenye kazi za serikali; Bwana Bomani mwenyewe alifanywa waziri 1960. Mwaka 1966 Rais aliteua kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika, nayo ikakuta watumishi wasio na ujuzi, hesabu zisizotunzwa, na mahali pengine wizi. Mwaka 1967 serikali ilichukua usimamizi wa vyama kadhaa, na shirikisho la Victoria likiwamo. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika vya bara vilivunjwa, hata sheria ya 1982 ilipovirudisha. Yale yale majengo na vinu vilivyoleta heshima havikuweza kumlinda mkulima, kwa kuwa daftari halikuwa sawa.

Kwa rai yetu, basi, kuna kujiamini kwa namna mbili. Mmoja hununua kiti cha mwenyekiti na bendera ya kuweka mlangoni, akasema chama kimekua. Mwingine hununua mizani, akamfundisha mtoto wa jirani kuisoma. Wote wawili wanajionyesha kuwa na kitu ambacho bado hawajakipata. Lakini wa pili, hata mavuno yasipokuja, mtoto yule amekwisha jifunza. Na ile habari ya kumtegemea Mwenyezi Mungu huku ngamia umemfunga, sote tuliisikia chuoni tangu udogoni. Hatuna haja ya kuirudia hapa.

Turudi kwetu. Mkarafuu una tabia ambayo pamba haina. Hauzai sawasawa kila mwaka; mavuno makubwa huja kwa kadiri ya mara moja katika miaka minne hivi. Tena yakija hayangoji. Karafuu lazima ichumwe kabla ua halijafunguka, ichambuliwe na makonyo yake, ianikwe upesi. Ikirundikwa mbichi kwa kukosa jamvi huvunda, na bei yake huanguka hata kama mti ulizaa vizuri. Katika ratili tatu za mbichi hupata kama ratili moja ya kavu, basi atakayechuma nyingi ahitaji nafasi nyingi ya kuanikia, si nafasi ya mwaka jana. Mwaka mkubwa ukimkuta mtu hana majamvi atayanunua siku ile ile ambayo kila mtu ayanunua, kwa bei atakayotajiwa.

Kwa hivyo mwaka huu mdogo, ambao mzee wetu auona hauna kazi, ndio mwaka wa kazi yenyewe. Mizani tunayoitaka si ya kugombana na mnunuzi. Ni ya kupima karafuu nyumbani kabla hazijapelekwa kituoni, ili kila mwanachama aende hali akijua alichobeba. Daftari nalo litaandikwa kila mzigo, tarehe, uzito wa nyumbani na uzito wa kituoni, mstari kwa mstari.

Kamati yapendekeza vijana wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wapelekwe kujifunza utunzaji wa hesabu kabla ya msimu ujao. Mchango utajadiliwa mkutano ujao, na mzee wetu aliyeuliza swali tumemwomba awe wa kwanza kusema. Limebaki shauri moja dogo: mizani itakaa nyumbani kwa nani, na ufunguo wa sanduku lake atakuwa nao nani. Sisi twaona wasiwe mtu mmoja.