Kabla ya Kumwona Wakili, Piga Hesabu Yako Kwanza

Somo la leo ni la yule anayedai mshahara na amepata nafasi ya kuonana na wakili kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tunaingia na uchungu moyoni, tunaeleza bosi alivyo mbaya, muda unaisha na wakili bado hajajua unadai kiasi gani wala tangu lini. Yeye anahitaji tarehe, kiasi na ushahidi. Viandae ukiwa bado nyumbani.

1. Hesabu kwenye karatasi moja

Tuchukue mfano wa dada wa kazi za ndani Qatar, mshahara riali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Amemaliza miaka 2, na miezi 4 ya mwisho hajalipwa. Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 ya nchi hiyo inampa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa wiki 3 kwa kila mwaka.

- Mshahara wa miezi 4: 4,000
- Kiinua mgongo: 1,000 ÷ 30 × siku 21 = 700 kwa mwaka. Miaka 2: 1,400
- Jumla: 5,400
- Toa advansi aliyochukua: 300
- Anadai: riali 5,100

Advansi usiifiche. Mwajiri akiitoa yeye, hesabu yako yote itatiliwa shaka. Kama uko nchi nyingine au ni fundi wa ujenzi, sheria yako ni tofauti, lakini karatasi ipange hivyo hivyo.

2. Ushahidi

Beba kopi ya mkataba, pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na taarifa ya benki. Kama ulikuwa unalipwa mkononi, tafuta risiti zako za kutuma pesa nyumbani. Peke yake risiti haithibitishi mshahara, ila inakukumbusha ulilipwa lini na pesa ilikatika mwezi gani. Meseji na sauti za WhatsApp usizifute. Pia usimrekodi mtu kwa siri kabla hujamuuliza wakili, maana nchi za Ghuba zina sheria kali za faragha.

Nyaraka halisi ukiombwa, onyesha kisha urudi nazo. Acha kopi.

3. Sema na yale ya aibu

Ulitoroka nyumba ya kazi? Ulisaini karatasi kwamba umelipwa wakati hujalipwa? Mwambie mapema. Akilisikia kwa upande wa pili, atakuwa hana la kujibu.

4. Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

- Mwisho wa kufungua madai yangu ni lini?
- Je, kuna ofisi ya serikali ninayoweza kwenda mwenyewe bila kulipa wakili?
- Ada ni kiasi gani, inalipwa lini, na tukishindwa je?
- Nikirudi nyumbani, kesi itaendelea?

Sasa hapa tuwe makini. Wakili wa Ghuba anaweza kukupa hati ya Kiarabu iitwayo *wakala*. Kwetu wakala ni mtu, kule ni karatasi inayompa mwingine mamlaka yako. Muulize: hati hii inakuruhusu kupokea pesa zangu? Inakuruhusu kupatana na mwajiri bila mimi kujua? Kama hutaki, aondoe maneno hayo. Tafuta mtu unayemwamini akusomee mstari kwa mstari, asiwe mtu wa bosi wala dalali aliyekuleta. Usichokielewa, usikisaini siku hiyo.

Ukitoka pale, uwe na vitu vitatu mkononi: ada kwa maandishi, tarehe ya kukutana tena, na kopi ya kila ulichosaini. Vipige picha, umtumie mtu mmoja wa nyumbani akutunzie.